Vibuyu vya Genoveva

Gehandu, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Lucia,

Habari za Masieda? Magoti yanaendeleaje? Mimi baridi yabisi imenikunja vidole, mstari mmoja naupumzikia mara mbili. Sikupigii kwa sababu simu ya hapa ni ya Monica, mke wa mwanangu Hhando, na yeye ndiye ninayemsema.

Jumanne niliamka nikakuta ukuta mtupu. Vibuyu vyangu vya maziwa, vyote vitano, vimeshushwa. Nikauliza, Monica akasema, "Pumzika, mama." Lucia, unajua kwetu vibuyu vilishushwa lini. Ni siku tuliyomzika mama, wake za kaka zetu wakagawana. Mimi bado napumua.

Tena kule zahanati nimepewa vidonge vipya, si vya viungo. Monica aliongea na nesi pembeni. Sivimezi. Nimevificha kwenye soksi.

Dada yako,
Genoveva

Masieda, 15 Machi 2025

Shikamoo dada,

Katekista Benedict amenifikishia barua. Magoti yananisumbua asubuhi tu.

Vidonge hivyo nadhani navijua. Mume wangu alipofariki nilikuwa nalala mpaka saa sita mchana, chakula kama udongo mdomoni, nikasingizia magoti. Daktari akasema ni sonona, kwamba maumivu na huzuni vinalishana. Nilikasirika, nikadhani ananiita kichaa. Sasa kila Alhamisi tunakutana akina mama, tunanyoosha viungo, tunaloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, anayetaka kulia analia. Dada, unakula? Unalala? Nijibu hayo kwanza, vibuyu viache.

Mdogo wako,
Lucia

Gehandu, 2 Aprili 2025

Lucia,

Salamu zako nimezipata. Mbona unakimbia vibuyu? Nakuuliza habari ya ukuta, unanijibu maji ya vuguvugu.

Uji wa Monica siunywi mpaka yeye aonje. Siku nyingine hata kumwambia aonje naona kazi, basi naacha. Silali. Nakaa naangalia vigingi vitupu, nafikiri labda wao wameona mapema kwamba nimekwisha.

Tena juzi Monica kaniambia, "Hata mama mdogo anahuzunika unavyolia." Mimi sijakuandikia kwamba nalia. Mnaongea nini nyinyi wawili?

Dada yako, kama bado ni dada yako

Masieda, 11 Aprili 2025

Shikamoo dada,

Sikuulizi hali, najua nimeiharibu. Mimi ndiye niliyesema vishushwe.

Februari Monica alinipigia analia. Kibuyu kilikuponyoka kikapasuka, ukakaa chini na vipande vyake siku nzima, hutaki kuinuliwa. Nikamwambia aondoe vilivyobaki visikukumbushe mikono yako. Siku ya kumzika mama sikuikumbuka kabisa. Barua yako ndiyo iliyonikumbusha, nikaona aibu, nikajificha kwenye maji ya vuguvugu. Monica amebeba lawama yangu na hakunitaja. Nimemwambia avirudishe leo. Nichukie mimi, dada, lakini kula, na umeze vidonge.

Lucia

Masieda, 20 Mei 2025

Shikamoo dada,

Hujajibu. Nikipiga, Monica anasema umemwambia aseme umelala. Niandikie hata neno moja la matusi.

Mdogo wako

Gehandu, 29 Juni 2025

Lucia,

Hujambo? Nilinyamaza kwa hasira. Nesi anasema na ugonjwa pia ulikuwepo.

Nilimpelekea ile soksi na vidonge vyake, nikamuuliza mbele ya Monica walinong'ona nini siku ile. Kumbe Monica alikuwa anauliza kama yeye ndiye aliyenitia huzuni. Nilikosa pa kuangalia. Nameza sasa, wiki ya tano. Usingizi umerudi nusu, vidole ni vilevile.

Vibuyu viko ukutani. Kuviosha peke yangu siwezi. Monica anashika, mimi namwelekeza kijiti cha moto cha kufukizia maziwa yasiharibike kipite wapi ndani, na kila siku anakosea. Jana nilikunywa uji bila yeye kuonja. Nilikuja kushtuka nimemaliza.

Wewe bado sijamalizana nawe. Panda basi mpaka Katesh, Hhando atakupokea. Kibuyu kimoja nimekuwekea maziwa. Utakunywa hapa mbele yangu, nikuangalie usoni. Ukisema umeshiba kabla hakijaisha, nitajua bado kuna kitu unanificha.

Dada yako,
Genoveva