Bibi, Maji Yalipita Ulikosema

Bibi yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijathubutu kuzungumza nawe. Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, na kila nikitoka nje naliona lile bonde ulimokuwa ukilima magimbi, narudi ndani.

Unakumbuka kila mwaka kabla ya masika ulivyonipa jembe dogo tukazibue mtaro chini ya migomba? Nikilalamika kwamba mtaro ni mkavu, ulisema, "Chimba tu. Nilipokuwa msichana maji yalipita hapa yakabeba mbuzi wa baba yangu." Nilichimba huku nimenuna.

Kisha wataalamu wa mipango miji wakaja kwenye mkutano wa mtaa. Walisema mvua zimebadilika, zinanyesha kwa fujo, hivyo kabla ya kuchimba mfereji na kupima viwanja wanataka kujua maji hupita wapi. Ulisimama. Ulieleza kwa Kinyakyusa, ukionyesha kwa mkono, kutoka mlimani mpaka bondeni kwako. Nyuma yetu walikaa wasichana wawili niliosoma nao. Mmoja akanong'ona, "Leo bibi anahutubia taifa!" Wakacheka.

Ofisa alikuwa mgeni, kama wengi wa mtaani siku hizi, hakuelewa. Akanigeukia. "Dada, hebu tusaidie. Bibi anasemaje?"

Uso uliniwaka moto, Bibi. Nikasema, "Anasema anashukuru kwa kuja kwenu."

Wakakupigia makofi.

Kiswahili ulikuwa unakisikia vizuri, hata kama ulikizungumza kwa shida. Njiani ukaniuliza, "Yaani maneno yote yale, mjukuu wangu, yalikuwa asante tu?" Ukacheka kidogo. Nami nikacheka, kana kwamba tulikuwa tunataniana. Ningeweza kwenda ofisini kesho yake. Nilisema nitakwenda, nikaona aibu, nikaahirisha. Ukaugua, ukaondoka.

Mfereji wakauchimba kando ya barabara. Bondeni wakapima viwanja. Kimoja alikipata Mama Faraja, muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, akajenga. Masika haya maji hayakuugusa mfereji. Yalishuka palepale ulipoonyesha, yakaangusha jiko lake na ukuta wa chumba cha watoto. Ashukuriwe Mungu, watoto walikuwa shuleni. Tulianika magodoro yao kwenye ua wetu. Nikampa chai, naye akasema, "Tungejuaje, mdogo wangu? Hakuna aliyetuambia."

Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Wiki mbili zilizopita wataalamu walirudi kwenye mkutano wa mtaa. Nilisimama, nikasema yote, mlima, migomba, bonde, hata mbuzi. Ofisa akachora upya kwa penseli, akauliza nimeyajulia wapi.

"Kwa bibi yangu," nikajibu. "Aliwaambia katika mkutano ule. Mimi ndiye sikuyafikisha."

Mama Faraja alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakugeuka.

Sasa vijana wanachimba mfereji bondeni, na wataalamu wamekubali kumhamishia Mama Faraja kiwanja juu zaidi. Kila asubuhi akipita kwenda kazini namwambia shikamoo. Haitikii. Simlaumu. Kesho nitatoka tena kumwamkia.

Upumzike kwa amani, Bibi. Laiti ningeyasema haya ukiwa umesimama kando yangu.

Mjukuu wako