Swali la Mkunga

4 Machi

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, uchovu tu. Nashinda nimesimama nikipiga pasi mashuka ya hoteli, miguu imevimba, na mimba ndiyo kwanza mwezi wa tano.

Jana kliniki mkunga aliposikia nilizaliwa na kitundu kwenye moyo, akauliza, "Mama yako alivuta sigara au kunywa pombe alipokuwa na mimba yako?" Hata hakumaliza. Nikasema, "Mama yangu? Thubutu!" Akaandika hapana.

Njiani nikakumbuka kwamba sijawahi kukuuliza. Mama, nilijibu sawa? Moyo wa mtoto utapimwa mwezi ujao, wanataka kujua yote.

Mwanao,
Kidoti

9 Aprili

Shikamoo, Mama. Fundi viatu aliyetoka huko anasema amekuona, mzima, na barua yangu ulikuwa nayo mkononi. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sasa hivi sina nguvu za mshindo wowote. Kipimo kimeahirishwa, mashine mbovu. Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu Kidoti, marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Nilivuta. Baba yako alikuwa safarini, mimi nashona sare za shule kiwandani kutwa nzima, kichefuchefu kimenikaba. Sigara moja kila baada ya kola kumi na mbili. Mafundi wenzangu walisema sigara inamfanya mtoto awe mdogo, utajifungua bila shida. Nikafurahi! Na kweli ulitoka mdogo, nikawa najigamba kwamba sikupiga hata kelele. Daktari alipotuambia habari za moyo wako niliacha siku hiyohiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu wakiuliza, nasema ni ya ukoo wa baba yako. Miaka ishirini na sita namsingizia marehemu.

Naona aibu, mwanangu. Rudi kwa mkunga, mwambie aandike ndiyo.

Mama yako

8 Mei

Mama, shikamoo. Nimerudi, amefuta, ameandika. Akasema sigara huongeza hatari, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba ndiyo iliyotoboa moyo wangu. Wapo wanaozaliwa hivyo na mama zao hawajawahi kuvuta hata moja. Kwa hiyo usijihukumu.

Kisha akaniuliza, "Na wewe je?" Nikasema hapana.

Mama, navuta. Nyuma ya chumba cha kufulia, pamoja na wapishi. Zilikuwa tatu kwa siku. Tumbo lilipoanza kuonekana zikawa tano. Nilipokuuliza, nilitaka uniambie kwamba ulivuta na mimi hapa niko hai, basi si neno. Wewe ukanimwagia ukweli wote, na niliusoma nikiwa na sigara mkononi. Nimejaribu kuacha mara tatu. Nimechoka, Mama, nimechoka kweli. Moyo wa mtoto unapimwa tarehe ishirini na tisa, nami naogopa siku hiyo kuliko siku ya kuzaa. Nigombeze. Labda nitasikia.

Mwanao

15 Mei

Marahaba, mwanangu. Nimekaa nikugombeze mara nne, na kila mara nimeishia kujicheka. Kwa mdomo gani? Nyani haoni kundule, wanasema, ila mimi langu nimeliona.

Hukuniuliza niliachaje. Hamu ikija ni dakika tano, ikizidi sana kumi, halafu inapita yenyewe. Nilikuwa nakubeba, nazunguka nawe chumbani mpaka ipite. Kwa hiyo mimi nilikuwa na mtu. Wewe una wapishi, nao wanakuwashia.

Kesho mwambie mkunga ukweli. Hatashtuka, masikio yake yamesikia mengi kuliko yako. Mimi nimeomba ruhusa kiwandani. Nitakuwa nyuma ya hicho chumba cha kufulia, nimekalia ndoo, na hamu ikikujia utakuja kukaa nami. Tusemezane, tunyamaze, sawa tu. Tarehe ishirini na tisa tutaingia wote, na wakikuta neno baya nitalisikia nikiwa nimekushika mkono.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta.

Mama yako