Kilio cha Shangazi Kwenye Kikosi cha Kipanga

Igogo,
Mwanza.
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Nathaniel,

Shikamoo. Habari za Newala na habari za shule? Shemeji Queen hajambo? Na Gladness, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua zimekatika, na dagaa wamejaa sokoni mpaka paka wanachagua. Mimi mdogo wako mwili hauna shida, ila roho haijatulia hata kidogo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa Nestory, mtu asiyeweza kumaliza siku bila kupiga simu. Nimeishika simu mara tatu nikaiweka. Nina jambo la kukuambia kuhusu mama yako, Shangazi yangu, na kwa kuwa sauti yangu ndiyo iliyoharibu, leo acha ikae pembeni. Mama ni mzima, usishtuke. Mimi ndiye niliyemkosea, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Kazi yangu unaijua. Nasimulia gemu kwenye banda la Rahim kule Mabatini. Rahim anashika pedi anacheza, mimi nashika maiki, na watu wanakaa kwenye mabenchi wanaangalia kama sinema: bodaboda, mama lishe, mafundi cherehani. Wewe ndiye uliyenianzisha, ulipokuja likizo na ile mashine ya gemu ya kuazima ukanisomea kwa Kiswahili kila kilichoandikwa kwenye kioo.

Sasa ule mchezo wetu umefika toleo la nne, na Kikosi cha Kipanga bado kipo. Unazikumbuka zile merikebu zinazoruka angani, zenye mapipa ya moto chini ya tumbo? Kapteni wao nimempa jina la Ngosha. Akitoa amri kwa lafudhi ya Kisukuma, banda zima linapiga makofi.

Katika toleo hili mfalme anamtuma Ngosha akachome vijiji vilivyokataa kutoa nafaka. Anachoma. Akiulizwa, anasema ametumwa. Halafu merikebu inashuka, moshi unapungua, na anaonekana mama mmoja amesimama mbele ya nyumba yake. Nyumba yenyewe haipo, umebaki mlango na fremu. Yule mama anafungua mdomo, lakini mchezo haukumpa neno hata moja. Maandishi hayatokei, na muziki unazima.

Kaka, mimi ukimya siuwezi. Watu wamekaa wanasubiri na maiki iko mkononi. Nikampa maneno, na niliyompa ni ya Shangazi.

Unayakumbuka. Siku marehemu baba yako alipotolewa majini, mtumbwi ulipopinduka na milango aliyokuwa anampelekea mteja, Shangazi alitoka ndani akasema kwa Kikerewe, wala hakupaza sauti: "Alexander, mlango umeuacha wazi, nani atanifungia?" Watu wazima walikaa chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilidhani nayashika maneno yale kwa heshima. Kumbe nilikuwa nayaweka akiba.

Niliyasema kwa Kiswahili, na jina la Alexander nikaliacha humohumo. Nikaongeza kwikwi, nikavuta na kamasi. Watu wakacheka, Kaka. Mama lishe mmoja alimwaga chai kwa kucheka. Nami nikuambie ukweli, nilifurahi. Kesho yake waliniomba nirudie, nikarudia, na keshokutwa pia.

Kuna mtu alinirekodi akaniweka kwenye status yake. Ikazunguka Mwanza, ikavuka ziwa mpaka kisiwani. Ikawa kila anayetoka dukani bila kurudishia mlango anapigiwa kelele, "Alexander, mlango umeuacha wazi!" Shangazi aliisikia Nansio sokoni, kwenye meza yake ya machungwa. Jirani yake Sabina ndiye aliyenipigia. Anasema Shangazi alifunika machungwa kwa kitenge akaenda zake nyumbani, na ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo tunavyosema, ila wangu umeponza kichwa cha mwenzangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka Ngosha na "nimetumwa" yake. Mimi hata kutumwa sikutumwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kupanda meli nikampigie magoti. Sikupanda. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, mara kazi nyingi, mara kichwa kinauma. Alhamisi akaja yeye.

Aliingia bandani na begi lake, akasalimia wote, akakaa benchi la mbele katikati ya bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Akasema, "Niwekeeni pale mlipoweka kilio changu." Rahim alinitazama, nami nikatazama chini. Akaweka. Ukaja moto, ukaja moshi, yule mama akafungua mdomo. Bodaboda mmoja ambaye hakuwa ameelewa kitu akasema, "Toa basi, Nesto!" Sikuweza. Siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa banda lile kumwona yule mama alivyo.

Shangazi aliangalia mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Waliomtengeneza huyu hawamjui, na wamemwacha anyamaze. Wewe unanijua, Nestory." Akasimama.

Nilimfuata hadi bandarini. Niliomba nimbebee begi, akalihamishia mkono wa pili. Unajua kwetu mkubwa akikunyima mzigo amekuambia hakuhesabu tena kuwa mtoto wake. Langoni aligeuka akasema, "Usinifuate. Nikikutaka nitakuita." Leo ni wiki ya tatu, na hajaniita.

Maiki nimeiacha. Napakia samaki kwenye barafu, kazi isiyohitaji maneno. Rahim ananiona mjinga, anasema watu wameshasahau. Ni kweli, wamepata kichekesho kingine. Lakini hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba kilio cha Shangazi kimetumika kikachakaa kama matambara.

Agosti ni misa ya kumbukumbu ya miaka kumi ya Mzee Alexander, na mliniteua kusoma wasifu wake. Tafadhali mpe mwingine. Nakuomba pia usimsihi mama yako anisamehe. Ukimsihi atakubali kwa ajili yako, maana wewe hakunyimi kitu. Nilichukua cha kwake bila kumwuliza, sitaki msamaha wake nao uchukuliwe hivyohivyo. Na wewe mwenyewe ukinikasirikia, una haki. Yule alikuwa baba yako, na mimi nimemfanya mzaha wa dukani.

Mungu awalinde huko mliko, na akupe moyo wa kuisoma barua hii hadi mwisho. Nisalimie Shemeji Queen, Gladness, na jirani yenu Mwalimu Makame. Huku Baba anakusalimia, na Hellen anakusalimia. Salamu za Shangazi, ambazo kila nikikupigia huanza nazo, safari hii sina za kukupa.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Nestory