Kikombe cha Kwanza ni Chako, Baba

Baba mpendwa,

Kahawa ilichanua mwezi jana. Jumapili moja nilifika nyumbani Gakindu baada ya kanisa nikakuta shamba lote la juu ya nyumba limekuwa jeupe, na harufu imeshuka mpaka jikoni. Wewe ulikuwa na tabia ya kuvua kofia ukiingia shambani wakati wa maua. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu kwamba jua si kali, basi. Hukupenda kuonekana umeguswa na jambo. Hayo ndiyo maua ya kwanza ambayo hukuyaona. Nilisimama pale pale ulipozoea kusimama, nikavua kitambaa changu cha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nikalia bila kujificha.

Nakuandikia kwa sababu kuna swali uliloniuliza mara nyingi na sikuwahi kukupa jibu ulilolitaka. Wengine pia watasoma barua hii, na wasome tu, lakini ni yako.

Hao wengine huenda watashangaa mzee mzima alimwitaje binti yake mama. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilipopewa jina la nyanya, nikawa mama yako siku hiyo hiyo. Maitu, yaani mama, ukaniita, hata nilipokuwa na kamasi puani. Nilipovunja kioo cha taa, majirani walingoja unichape, nawe ukawaambia kwamba mtu hawezi kumchapa mamake. Wakacheka. Mimi niliamini kabisa, na nikautumia vibaya umama wangu kwa miaka mingi.

Mama mzazi alipotutoka nilikuwa bado shule ya msingi. Ulijifunza kupika ukiwa mtu mzima, na kwa vinywaji ulibaki na njia moja tu: maji na maziwa ndani ya sufuria, tia unachotia, chemsha mpaka ifurike. Chai ulipika hivyo, na uji pia, na ile kakao tuliyoletewa na shangazi Krismasi moja. Sikuwahi kulalamika. Ulikuwa ukikaa kando ya moto ukinitazama ninywe, na ulikuwa na wasiwasi kuliko mpishi wa harusi.

Siku za mavuno tulibeba kahawa yetu mpaka faktari, kile kiwanda cha kahawa, tukaimwaga juu ya gunia uwanjani pamoja na watu wengine wote, na tukaanza kuchambua. Nyekundu huku, kijani kule, nyeusi kando. Unakumbuka yule karani wa kupokea? Alikuwa akipita na kuzamisha mkono ndani ya rundo la mtu, na akipata kasoro anasema neno moja, rudia. Siku moja alitoa tunda moja la kijani ndani ya rundo letu, akaliinua juu watu wote wakaliona, akauliza, "Hii ni nani amechagua?" Ni mimi niliyekuwa nimechagua. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulirudia. Wewe ukamaliza, mimi nikashindwa kumaliza. Kila nyekundu niliiona ina doa. Nilikuwa naitupa, naiokota, naitazama, naitupa tena. Watu wakapungua uwanjani na baridi ikaanza kushuka kutoka mlimani. Ukachuchumaa kando yangu.

"Mama, wacha sasa," ukasema. "Hii kahawa ikilala hapa ukichagua, kesho itakuwa imeoza yote. Hata ile mzuri."

Nilikuwa mtoto, nikadhani unazungumzia kahawa. Na kweli ulikuwa unazungumzia kahawa. Lakini ule mkono wa karani sikuuacha faktari, baba, nilienda nao nyumbani. Shuleni niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika lile lile. Nilipoitwa kusoma neno mbele ya kanisa nilijifanya nina kikohozi, nawe ukaniletea maji huku ukijua sina kikohozi chochote. Nilipomaliza shule nikapata kazi mjini Nyeri katika duka la mtu, kuuza simenti na misumari, na nilishukuru kweli, kwa sababu msumari hauna haja ya kuchambuliwa.

Chumba nilipanga Majengo, si mbali na msikiti, kwa Mama Zainabu. Ndiye aliyenipa kahawa ya kwanza maishani mwangu. Mimi niliyelala utotoni kando ya marundo ya magunia ya kahawa nilikuwa sijawahi kuinywa, na wewe pia. Kwetu kahawa ni ya kupeleka faktari, na anayeinywa ni mtu wa mbali tusiyemjua. Sisi tunakunywa chai. Mama Zainabu alinimiminia katika kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu yenye tangawizi, akanisogezea tende.

"Nyinyi ni watu wa ajabu," akaniambia. "Mnailea kama mtoto, kisha hamuijui hata ladha yake."

Pale ndipo nilipoitaka. Nilitaka kahawa yetu inywewe na watu wa kwetu, na niwe mimi ninayeikaanga, mahali pangu, jina langu likiwa mlangoni. Sikuwa nimewahi kutaka kitu namna hiyo, na nikaogopa papo hapo. Kabla sijamaliza tende, yule karani alikuwa ameshaniuliza kichwani mwangu mimi ni nani.

Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Hukucheka. Ulileta mbuni, ile kahawa inayokaukia mtini ambayo faktari hawaipendi, tukaitwanga kwenye kinu, ukaipepeta. Nikaikaanga kwenye sufuria nzito mpaka moshi ukajaa jikoni, nawe ukakohoa na kusema nitachoma nyumba ya mzee. Nikaisaga kwa mchi ule ule. Kisha nikatoka kwenda kukamua ng'ombe, na hilo ndilo kosa nililofanya, kukuacha peke yako na sufuria. Niliporudi ulikuwa umeshaipika. Maji, maziwa, sukari, kahawa yote, na juu yake ukatia majani ya chai, kwa sababu, ulinieleza kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto, bila majani haiwezi kushika rangi.

Ulionja kwanza wewe.

"Ati hii ndio wazungu wanangojea huko kwao?" ukauliza.

"Baba, hungeweka majani."

"Ni mbaya," ukasema. "Lakini ni yetu."

Ukainywa yote mpaka kwenye mashapo, na mashapo nayo ukayatafuna. Halafu ukafuta mdomo, ukaniambia, "Fungua mahali, mama. Uza hii kitu. Mimi ndio nitakuwa kastama wa kwanza. Na usiweke majani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ya soko ukaenda ukarudi na kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, ukanipa. "Hiyo ni yangu," ukasema. "Uende uiweke huko."

Tangu siku hiyo swali likawa moja. Nilikuwa nikija nyumbani Jumamosi, na kabla sijaweka mkoba chini unauliza, "Umefungua?" Bado, baba, natafuta jiko zuri. Bado, baba, natafuta mahali. Mahali palikuwapo. Mama Zainabu alikuwa ameniambia nitumie baraza yake inayotazama barabara. Nilikuwa nakaanga, naonja, namwaga. Hii imeungua. Hii haijaiva. Nilikuwa nikipita nje ya mikahawa ya mjini ninaona wasichana waliovaa aproni, na mashine zinazopumua mvuke, na ninajiuliza mimi wa sufuria nitamwambia nani nini. Kikombe chako kilikaa kwenye kabati la Majengo kimefunikwa kitambaa. Uoga una adabu sana, baba. Haukukataza hata siku moja, ulikuwa unaniomba tu ningoje kidogo.

Halafu koo lako. Mwanzoni ulisema ni mafua. Ugali ukakataa kushuka, kisha wali, kisha viazi vilivyopondwa. Tulikupeleka hospitali Othaya, na daktari akatuita ndani, akaongea polepole huku akiangalia mikono yake. Ulimshukuru. Ukamuuliza kama yeye kwao wako na kahawa, na akasema waling'oa yote wakapanda avokado, nawe ukatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kana kwamba mgonjwa alikuwa yeye.

Ilifika mahali hata maji yalikushinda. Alasiri moja ulikuwa umekaa nje kwenye kiti chako, na lile koti zito la kanisani, ingawa hapakuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimekaanga kahawa asubuhi hiyo. Niliiweka kwenye kikombe chako cha bati, kavu, bila maji, kwa sababu kunywa hungeweza tena. Ulikishika kwa mikono miwili, ukakiweka chini ya pua, ukafumba macho. Sauti yako ilikuwa imebaki ndogo, na ilibidi niiname.

"Umefungua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitaka kusema ndiyo kuliko kitu chochote. Lakini sikuwahi kukudanganya jambo kubwa, na nikashindwa kuanzia hapo.

"Bado, baba."

Hukukasirika. Ulivuta tena ile harufu. "Mama, unachagua sana," ukasema. "Itaoza."

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Ulituacha baridi ya Julai ilipokuwa kali kabisa, na mimi nikarudi kwenye misumari yangu. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea. Jumamosi bado ninasimama mlangoni na mkoba mkononi kidogo kabla ya kuuweka chini, nikingoja kuulizwa.

Sasa nikwambie kuhusu Jumapili hiyo. Unajua maua ya kahawa hayakai. Mvua ikinyesha yanafunguka yote kwa pamoja, na kabla wiki haijaisha yamekuwa kahawia na yameanguka. Hayangoji mpaka kila moja liwe tayari. Nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote na sikuwahi kuyafikiria. Nilipomaliza kulia nikafunga kitambaa changu, nikachukua mbuni iliyokuwa stoo, ile uliyoianika wewe mwenyewe ulipokuwa bado na nguvu ya kuinama, nikarudi nayo Nyeri.

Jumatano yake niliiaga misumari, nikafungua. Nakwambia ukweli, sikuwa jasiri. Niliwasha jiko kwenye baraza ya Mama Zainabu, nikapanga benchi na vikombe, kisha nikaingia ndani nikasimama nyuma ya mlango. Mama Zainabu akaja akaufungua.

"Toka," akaniambia. "Kahawa haina miguu ya kwenda kuwatafuta watu, na mimi si msichana wako wa kazi."

Nikatoka. Nikamwaga nusu ya birika kabla sijajaza kikombe kimoja. Kikombe cha kwanza nilikimimina kwenye bati lako, nikakiweka mwisho wa benchi, upande wa jua. Watu walipita. Wengine walitazama na kuendelea. Nilikuwa nimeanza kuhesabu makosa yangu, moja moja, nyekundu huku na kijani kule, wakati mzee mmoja mwenye gambuti aliposimama. Alikuwa ametoka Othaya kuja kununua dawa ya ng'ombe.

"Hii ni nini unauza?"

"Ni kahawa."

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa, mzee."

Akacheka. "Mimi niko na shamba mzima ya kahawa huko nyumbani, na sijawahi onja." Akakaa. Nikammiminia. Akaonja, uso ukamkunjamana, akaitazama ndani ya kikombe kama anayetafuta kitu kilichoangukia humo.

"Hauna maziwa?"

Nikamwambia ninayo, nikamtilia.

"Na majani kidogo je? Ndio ishike rangi."

Baba, niligeuka nikatazama ukuta.

"Majani hapana," nikamwambia. "Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na kastama wangu wa kwanza."

Akakitazama kile kikombe cha bati mwisho wa benchi, chenye mvuke uliokuwa umekaribia kuisha. "Ndio hiyo yake? Mwambie akuje, inapoa."

Nikamjibu kwamba unatoka mbali. Akakubali kwa kichwa, akasogea kidogo kukuachia nafasi, akanywa yake yote polepole. Alipoinuka akasema ni mbaya, na Ijumaa akarudi na jirani yake.

Bado ninaogopa. Sitaki udhani nimekuwa mtu mwingine. Kila asubuhi ule mkono unaingia ndani ya rundo langu na kuinua lile tunda la kijani watu walione. Ninauona, na ninamimina hivyo hivyo. Baadhi ya siku kahawa ni nzuri. Baadhi ya siku imeungua kidogo, na watu wanakunywa. Kinachoniuma ni kwamba kumbe ingewezekana hivi hivi, na uoga huu huu, wakati koo lako lilipokuwa bado linapitisha kitu. Hilo halitaacha kuniuma, na silifichi.

Jina langu liko mlangoni. Ni jina la mamako, kwa hiyo nimeliandika kubwa. Kikombe chako kinatangulia kila asubuhi, na jioni nakiosha mwenyewe.

Sasa nikujibu, maana ulingoja sana.

Nimefungua, baba. Haina majani.

Pumzika, usisumbuke tena juu yangu.

Binti yako, uliyemwita mama