Mtani Kaburini, Vihingo

Mdogo wangu Nyamizi,

Hujambo huko Tabora? Nakuandikia mikono ikiwa bado na udongo wa Kisarawe! Leo nimeikanyaga njia waliyopita wapagazi wetu wa Kinyamwezi wakienda pwani. Kando yake lipo kaburi la zamani la Kizaramo, lenye nguzo ya mti iliyochongwa kichwa cha mtu. Nimemkuta Bi Mwanaidi akimsihi mwanawe Shabani asiing'oe, naye anataka kupanda mananasi. Bibi aliposikia mimi ni Mnyamwezi, akapiga kigelegele.

“Watani hao! Babu zenu walikula mihogo yetu wakaondoka kimya. Leo mtatufaa!”

Utani wetu na Wazaramo ulikua kwenye misafara ile, ndugu yangu, na penye kaburi neno la mtani halipingwi. Nikaketi chini.

“Shabani, maiti huyu ni wangu. Ukiitaka nguzo, nizike mimi kwanza.”

“Mzee mrefu hivyo? Nitachimba mpaka kesho!” Akacheka, akaweka jembe begani, akaondoka.

Nguzo imebaki! Tumekula muhogo wa nazi, na Bi Mwanaidi amenikataza kufa kabla sijakuleta uione. Basi lichue goti hilo lililokuzuia kusafiri nami, mpenzi, lipone upesi.

Kaka yako,
Maganga