Damu Mliyochanjiana Pangoni

Mama yangu uliyelala makaburini Tingi,

Shikamoo. Nakupa heshima yako ingawa najua marahaba haitarudi, na kusema kweli ikirudi leo nitatoka mbio mpaka Mingoyo. Ni mimi, mwanao, yule uliyekuwa ukisema alizaliwa ulimi ukitangulia.

Hapa kijijini mimi si mtu mdogo siku hizi. Nimevuka bahari kwenda kupigana Bama, nimewapikia maofisa wa Kiingereza mikate wakaisahau ya mama zao, nimekata mkonge Mingoyo, na Lindi nzima wananijua kwa jina. Shule niliiacha darasa la pili na mwalimu akashukuru. Basi watu wakitaka habari za koo zetu, nani alishuka kutoka milimani, nani kaletwa kutoka pwani, nani kazikwa wapi, wananiita mimi. Nami huwajibu, hata nisiyoyajua. Sasa limekuja ninalolijua, mama, na nimenyamaza kama bwana arusi. Naogopa.

Somoe anaposwa. Yule yatima wa dada, uliyembeba mgongoni mpaka ukaanza kutembea umeinama, uliyemwita mke mwenzio na kumgombeza eti anakuibia mume. Amekuwa mrefu, ana meno yako. Kijana anaitwa Selemani, mkulima wa Kiranjeranje, mpole. Washenga walipokuja nilifurahi, nikawaonya kuwa binti yetu akiudhika anapika ugali wa kuvunja meno. Tukacheka. Kisha nikauliza bibi yake kijana ni nani. Wakasema ni Binti Mkumba. Nikainuka kabla ya kumaliza kikombe, nikasingizia homa.

Unaikumbuka ile arusi ya Kiranjeranje, mimi sijaota hata ndevu? Nilimwona mtoto wa Binti Mkumba nikaanza kumtania, kama tunavyowatania watani wetu, nikamwambia kichwa chake kingefaa kuwa figa la tatu jikoni. Ulinipiga kofi mbele ya watu, wewe ambaye hukuwa mtu wa kunipiga. Ukanivuta nyuma ya nyumba, ukaniambia polepole, "Hawa si watani. Hawa ni damu." Nikabisha, damu gani na wao wako mbali hivi? Ukashusha kanga kidogo ukanionyesha chale juu ya titi la kushoto, urefu wa punje ya mchele.

Ulinisimulia njiani tukirudi. Ulikuwa msichana mdogo wakati wa vita vya maji. Maghala yamechomwa moto na askari wa Mjerumani, watu wa milimani wamejificha mapangoni. Humo pangoni ukamkuta mtoto mwenzako, ndiye huyu Binti Mkumba, mama yake kafa kwa njaa, na wako hujui kakimbilia wapi. Mkachanjana kwa ncha ya mshale. Watu wazima wakifanya udugu wa kuchanjiana huchinja kuku, ini lake likapakwa damu, na mzee wa kuwaapisha akakaa katikati. Ninyi mlikuwa na kipande cha ming'oko ya kuchoma, ile mizizi ya porini. Mkakipaka damu mkakila, kila mmoja akasema maneno aliyopata kuwasikia wakubwa wakiyasema: watoto wake ni watoto wangu, na atakayeivunja damu hii, imvimbishe. Mlikuwa watoto, mama. Hamkujua kuwa mnawafunga hata ambao hawajazaliwa. Uzao wa waliochanjiana ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Na mimi mjuzi wa koo niliona siku ya msiba wako nisielewe kuwa damu hiyo ingali imeshika. Watani walikuwa uani wakiiga mwendo wako, wamevaa kanga zako, wanatuchekesha kwa nguvu. Binti Mkumba hakuwatazama. Alikaa mkekani pamoja nasi, akalia kilio cha ndugu.

Mengi nayacheka, hili silicheki. Kule mkonge nilimwona mtu aliyemdhulumu ndugu yake wa kuchanjia. Tumbo lilimjaa kama ngoma, mganga wa hospitali akampa dawa, akafa nayo mdomoni. Pengine ni maradhi tu. Mwalimu wa chuoni kaniambia huo ni ushirikina, nisome Yasini niende zangu. Nimesoma, na hofu iko palepale. Kila nikimtazama Somoe naliona tumbo linavimba, na si la mtoto.

Nilitaka kunyamaza. Nikashindwa. Nikatafuta njia ya mkato: nikamweleza yote Somoe, nikamwambia marehemu kanijia ndotoni kakataa, maana marehemu habishiwi. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, ungo haukusimama.

"Mjomba," akasema, "ukisema hapana nitakaa. Lakini sema wewe. Usimsingizie bibi."

Huyo ni wako mtupu. Kesho yake nikashika njia ya Kiranjeranje.

Binti Mkumba haoni tena. Alinipapasa uso, akasema mtoto wa mwenzangu umezeeka vibaya, akacheka peke yake. Nikammwagia maneno niliyoyapanga njia nzima: mlikuwa watoto, hapakuwa na kuku wala mzee wa kuwaapisha, kwa hiyo kiapo hakikushika. Kicheko kikamtoka usoni.

"Njaa ilituapisha," alisema.

Kisha akanieleza kuwa damu huoshwa. Upande wake ameshaosha, siku ileile aliyosikia habari za hawa watoto: maji na unga wa mtama juu ya chale, akatema maji chini, akakutaja jina na kukuomba radhi. Nikamwuliza, na mama ambaye hana tena kifua cha kuosha?

"Huoshewa kaburini na mtoto wa tumbo lake. Ila ujue, baba, maiti akiwa hataki, aliyeosha ndiye anayevimba."

Mtoto wa tumbo lako aliyebaki ni mimi peke yangu.

Tangu nirudi unga wa mtama uko mlangoni, nami sijaja. Bama nilipigiwa mizinga na sikuogopa hivi, au niliogopa lakini tulikuwa wengi. Hapa niko peke yangu, na sijui kama unataka kuoshewa. Ulimpenda yule mwenzako kuliko ulivyotupenda sisi, mama, nalijua hilo wala sikulaumu. Ulipougua mwishoni ulimwita yeye kwanza.

Kesho asubuhi nitakuja. Yasini kwanza, unga baadaye, asinune mtu. Sitakuuliza kama unakubali, maana nikiuliza nitasubiri jibu, na nikisubiri nitakimbia. Nitamwaga maji juu yako niseme kwa sauti kwamba ninayekufungua ni mimi, si Somoe, si Selemani, wala mtoto watakayemzaa. Ukiwa na hasira, tumbo ni hili hapa, wali umekwisha kulianzia kazi, hutataabika kulijaza.

Ila nakuomba, kama ni kulijaza, nivumilie mpaka arusi ipite. Dada hayupo, wewe hupo. Niache nimshike mtoto mkono, nimfikishe mwenyewe mlangoni kwa mwenzako.

Lala salama, mama.

Mwanao,
mjomba wa Somoe