Kisu Chenye Waya wa Shaba

Rumande, Makueni
Jumamosi, 18 Januari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe, mama na ndugu yangu Kyule mko wazima huko Tseikuru, na kwamba mbuzi wamepata maji. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umeanguka, maana barua hii naiandikia rumande.

Najua habari zimekufikia zikiwa zimetiwa chumvi, basi zisikie kwangu. Jumatatu jioni nilikuwa nafunga kibanda changu cha pancha pale Kambu. Nikasikia kelele nyuma ya bucha, nikakimbia. Nilimkuta Thuo, yule mnunuzi wa mbuzi, yuko chini ameshika tumbo, na watu wanatawanyika. Kando yake kulikuwa na kisu cha kukunja, kimelala mchangani kikiwa wazi.

Unajua nilifanya nini, Baba. Nilikiokota, nikakipangusa kwenye suruali, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Ndipo nikapiga magoti nimshike Thuo. Mkono ulifanya wenyewe. Tangu tukichunga ulitufundisha kwamba kisu wazi hakiachwi chini, hata kiwe cha nani. Polisi walinikuta na damu kwenye suruali na visu viwili mfukoni, changu na hicho. Nilipowaeleza kwa nini nilikikunja, mmoja alicheka mpaka akaegemea gari.

Thuo yuko hai, lakini kulikuwa na giza na hakuona aliyemchoma. Hata mimi kisu sikukiona vizuri, walikichukua upesi. Nimekana mashtaka, na kesi itasikizwa Ijumaa tarehe 21 Machi. Humu hatuna simu. Dada Waithera wa kanisa hututembelea Jumamosi, yeye ndiye atakayekuwa akichukua barua na kuzipeleka kwa lori la mbuzi.

Njoo, Baba. Njoo uwaambie kwamba nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya. Nisipopata wa kunisemea nimekwisha.

Mwanao,
Mbithi


Tseikuru
27 Januari 2025

Mwanangu Mbithi,

Salamu zetu zikufikie hapo ulipo. Sisi tu wazima, ila mama yako hali chakula. Anapika uji, anautazama, anampa mbwa. Mbwa ndiye peke yake aliyenona katika boma hili.

Nitakuja. Lori likinikatalia nitatembea. Na nitakuja na kopo langu la visu, vyote, nimwonyeshe hakimu: kile cha dereva chenye mpini wa mfupa, kile cha daktari wa mifugo ambacho springi ilikufa, na vile vyote nilivyookoteza soko la Kwa Vonza vikiwa vyuma vitupu nikavipa mipini. Mama yako anasema mzee anayeingia kortini na kopo la visu atalala ndani pamoja na mwanawe. Huenda. Lakini wataona kwamba mtu anayependa visu hivi hawezi kulea mtoto wa kuchoma watu. Nilikupa chako siku uliyoanza kuchunga peke yako, na mpaka leo hujamkata mtu hata ukucha.

Niambie jambo moja. Hicho kisu cha pili kina mpini gani? Nikijua, nitaulizia sokoni ni nani hubeba cha namna hiyo.

Kyule anakusalimu. Kumbe mngeonana siku ileile, maana alimpelekea Thuo mbuzi huko Kambu. Anasema alipita kibandani akakukosa. Tangu arudi amekuwa mkimya, nadhani ni huzuni yako. Mke wake Mumbua ni mzito sasa, tunahesabu wiki tu.

Usikate tamaa, mwanangu.

Baba yako,
Kiema


Rumande, Makueni
8 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama. Mwambie ale. Mimi nakula maharagwe yenye wadudu na bado nasimama.

Juzi tulipelekwa kortini kutajiwa kesi, na kisu kilikuwa mezani ndani ya karatasi ya plastiki. Nilikitazama muda wote, sikusikia hata jina langu likiitwa. Mpini ni wa pembe nyeupe ya kondoo dume. Shingoni umezungushiwa waya wa shaba, na ncha ya waya imefichwa kwa ndani.

Baba, nakuuliza polepole. Je, uliwahi kuuza kisu kama hicho Kwa Vonza? Au ulimpa mgeni, ukasahau? Niandikie kwamba ulikiuza. Andika hivyo tu, nami nitaamini.

Jambo lingine. Siku ile nilikuwa kibandani tangu asubuhi. Hakuna aliyenikosa.

Mwanao,
Mbithi


Rumande, Makueni
22 Februari 2025

Baba,

Habari za nyumbani? Mimi ni mzima kiasi.

Dada Waithera amenijia mikono mitupu mara mbili. Anasema lori la Tseikuru limekuwa likifika na mbuzi lakini halina barua. Nimeanza kukereka na huyu mama wa watu kana kwamba yeye ndiye anayezificha.

Usiku watu humu hulia, na wiki hii nimejiunga nao. Nina miaka ishirini na sita, Baba, na ninalia nikikuita kama niliyepoteza mbuzi. Watu watatu wamejiandikisha kusema walinikuta na kisu. Wa kusema kwa nini nilikikunja ni wewe tu duniani.

Sikuambii useme nini. Jibu tu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Mbithi


Tseikuru
3 Machi 2025

Mbithi,

Salamu. Sisi tu wazima.

Nimesoma barua zako. Kisu hicho sikijui. Visu vya pembe nyeupe ni vingi, na waya wa shaba mtu yeyote anaweza kuzungusha.

Miguu yangu imevimba. Huenda nisiweze safari. Mumbua anaweza kujifungua siku yoyote na hapa hakuna mtu mwingine wa kuwapeleka mbuzi maji isipokuwa Kyule. Mungu ndiye wakili wa wanyonge. Omba sana.

Kiema


Rumande, Makueni
Jumamosi, 15 Machi 2025

Baba,

Natumaini miguu imepoa, na kwamba Mumbua amejifungua salama.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika mahali pa kukunjia. Umesahau kuandika kwamba wewe ni baba yangu. Ningesema sikulaumu ningekuwa nadanganya. Nilikulaumu siku kadhaa, nikakutukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kisha nikachoka. Kyule anawalisha. Kyule ana mke na mtoto. Mimi nina kibanda na pampu. Hata mimi ningepewa kuchagua ningefanya hesabu hiyohiyo.

Kwa hivyo usije tarehe 21. Nilimwomba mkubwa wa jela anipeleke mbele ya hakimu mapema, na Alhamisi nilisimama nikasema ni mimi. Hakimu aliniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachosema. Nikasema kisu ni changu, nilitengenezewa na baba yangu. Angalau kazi ya mikono yako ikapata mtu wa kuitambua.

Nimefungwa miaka kumi. Yameisha, hakuna wa kutafutwa tena. Kisu changu chenyewe, kile cha pembe nyeusi, Dada Waithera ataomba arudishiwe akilete kwa lori. Kitie kwenye kopo pamoja na vingine. Kyule akiwa na mtoto wa kuchunga, ampe.

Mwambie mama nimenenepa.

Mwanao bado,
Mbithi


Tseikuru
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mwanangu Mbithi, mwanangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Lori halijaja tangu wiki iliyopita, kwa hivyo sina neno jipya kutoka kwako. Barua hii nampa mtu wa pikipiki aiwahishe basi, ikufikie kabla yetu.

Nilikudanganya. Kisu kile nilikijua kabla sijamaliza kusoma mstari. Ncha ya waya niliificha kwa ndani ili isimkwaruze Kyule kidole, alikuwa na miaka saba. Niliona nikisema ukweli nitawapoteza wawili, nikinyamaza nitabaki na mmoja. Nimeishi na huyo mmoja wiki hizi na sikuwa na mtoto hata mmoja nyumbani. Nilimwona akikata kamba kwa meno, nikageuza uso.

Jana Mumbua alijifungua msichana. Nikamwambia Kyule amchinjie mke wake mbuzi wa supu. Akapeleka mkono mfukoni, ukatoka mtupu. Akaniomba changu. Unajua katika nyumba hii kisu hakiazimwi, lakini nilikitoa, nikakifungua mwenyewe, nikampa. Hakuweza kukishika. Alikaa chini kando ya mbuzi akalia, na mama yako akatoka akasikia yote. Thuo alimpiga kofi mbele ya watu, akasema mbuzi wetu ni mifupa inayotembea. Hasira ikampanda. Alipokimbia aligeuka mara moja tu, akakuona umeinama ukikunja kisu chake.

Mbuzi bado yuko hai. Mama yako amesema hakuna atakayeonja supu katika boma hili mpaka urudi.

Kyule anakuja kusema mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, ingawa nilikuwa nimeshavaa viatu. Tunaondoka Jumatano. Kopo la visu ninalo, na miguu yangu haikuwahi kuvimba.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza ukiwa mdogo. Usiseme neno lolote kwa mtu yeyote. Wakikuuliza, nyamaza, mpaka utuone mlangoni. Ijumaa nitakuwa na wanangu wawili katika chumba kimoja, jambo ambalo sijalipata tangu uende Kambu. Tungoje.

Baba yako,
Kiema